Kifurushi cha "uwanja wa asili" kwa chekechea za Pwani: lipia ardhi kwanza, magogo baadaye

Mwenye chekechea wa Dar es Salaam, Bagamoyo, Tanga au Mombasa akitafuta mtu wa kumjengea uwanja wa watoto, siku hizi anawekewa mezani bidhaa mbili. Moja ni ile ya miaka yote: bembea za mabomba, mtelezo wa plastiki na zulia la nyasi bandia. Nyingine inaitwa "uwanja wa asili", na kwa kawaida ina vitu vilevile: kilima chenye mtelezo, shimo la mchanga, magogo ya kupanda, jiko la matope lenye bomba la maji, handaki la mimea inayotambaa, miche ya miti na duara la matairi. Hapa tunaipima hiyo ya pili, kwa eneo la mita za mraba 300 hadi 500 na watoto wa miaka mitatu hadi sita.

Bidhaa yenyewe ni nzuri, na kwa umri huo inamshinda plastiki kwa mbali. Zulia la nyasi bandia likipigwa na jua la saa sita halikanyagiki kwa miguu mitupu, na bembea mbili huzaa foleni ya watoto kumi. Tatizo la kifurushi ni jinsi fedha zinavyogawanywa. Kwenye kotesheni, yaani karatasi ya bei anayokupa fundi, magogo na matairi hupewa mistari mingi yenye maelezo mazuri, ilhali udongo, mchanga wa kuangukia, njia ya maji ya mvua na kivuli vimebanwa kwenye mstari mmoja wa "kuandaa eneo". Uwanja unadumu au unakufa kwa huo mstari mmoja.

Hata faida ya kiafya inayosifiwa kuhusu viwanja hivi iko kwenye ardhi. Mwaka 2020 watafiti wa Finland walichapisha matokeo ya kuweka udongo wa msituni, nyasi na vitalu vya kupandia kwenye viwanja vya kulelea watoto vilivyokuwa na changarawe tupu. Baada ya siku 28, watoto wa miaka mitatu hadi mitano walikuwa na bakteria wa aina nyingi zaidi kwenye ngozi, na damu yao ilionyesha mabadiliko katika udhibiti wa kinga ya mwili. Kilichobadilishwa pale ni kile watoto walichokanyaga na kukishika kila siku. Hakuna aliyewajengea ngome ya magogo.

Kilima

Tuanze na kilima, maana ndipo udongo unapopungua bila mtu kuona. Kilima cha urefu wa mita 1.5 kinawatosha watoto wa chekechea. Mteremko wake usizidi 1 kwa 3, yaani kila mita moja ya kupanda iwe na mita tatu za kwenda mbele. Hapo nyasi zinashika, mtoto anapanda kwa miguu yake mwenyewe, na mfyekaji anafanya kazi bila kuteleza. Kileleni paachwe tambarare ya kipenyo cha mita 2, la sivyo watoto wanasukumana.

Sasa fanya hesabu. Kitako cha kilima hicho kina kipenyo cha mita 11, na ujazo wake baada ya kushindiliwa ni kama mita za ujazo 58. Udongo uliochimbwa huvimba, kwa hiyo agiza kama robo zaidi: mita za ujazo 72. Kwa lori la mita za ujazo 7 hizo ni tripu 10. Kotesheni ikisema tripu 4 na urefu wa mita 1.5, mtu anakupiga changa la macho, au yeye mwenyewe hajapiga hesabu. Tripu 4 zikishindiliwa zinabaki kama mita za ujazo 22. Ukizilazimisha kufika mita 1.5, kitako kinakuwa mita 6 na kidogo, na mteremko unapanda hadi karibu 1 kwa 1.4. Kwenye picha kilima hicho kinapendeza kuliko kile sahihi, kwa sababu kinaonekana kirefu. Masika ya kwanza yanakichana mifereji, nyasi zinang'oka kwa mabonge, na udongo unaishia ndani ya shimo la mchanga. Fundi akiitwa atasema mvua za mwaka huu zimezidi.

Kama fedha zipo za tripu 4 tu, punguza urefu. Tripu hizohizo zinatoa kilima cha mita 1 chenye mteremko wa 1 kwa 3, kileleni mita 2 na kitako cha mita 8. Mtoto wa miaka minne ataona amepanda mlima.

Aina ya udongo iandikwe kwenye mkataba. Neno "kifusi" peke yake linaleta vigae, vioo, misumari na vipande vya nondo kutoka nyumba iliyobomolewa, na vitu hivyo huibuka juu mvua ikishaosha. Taka udongo wa shambani au mfinyanzi-kichanga usio na taka, umwagwe kwa matabaka ya sentimita 20 hadi 25, kila tabaka liloweshwe kidogo na kushindiliwa kabla ya lingine. Sentimita 15 za juu ziwe udongo wa rutuba. Nyasi za Pemba zinafaa Pwani kwa sababu zinavumilia kivuli na chumvi. Zipandwe wiki sita kabla ya mvua, na kilima kifungwe kwa kamba mpaka mizizi ishike. Hakuna nyasi itakayovumilia njia watoto wanayopandia kila siku, kwa hiyo mahali hapo weka ngazi za vipande vya magogo mapema.

Hapa kuna jambo ambalo vifurushi vingi hulikosa kwa upande wa pili. Mteremko wa 1 kwa 3 ni nyuzi 18, na mtelezo wa nyuzi 18 hautelezi. Mtoto anakaa katikati, anajisukuma kwa mikono, kisha anauacha. Mtelezo unataka nyuzi 30 hadi 35, na wastani usizidi 40. Kwa hiyo upande mmoja wa kilima ukatwe uwe mkali, kiasi cha mita 2.4 za kwenda mbele kwa mita 1.5 za urefu, na kingo zake zishikwe kwa ukuta mfupi wa mawe au viroba vya udongo uliochanganywa na saruji, kisha mbele yake pandwe vichaka. Mwisho wa mtelezo uwe na sehemu ya kulala isiyopungua sentimita 50, iliyo juu ya ardhi kwa sentimita 20 hivi. Faida kubwa ya mtelezo uliolala juu ya kilima ni kwamba mtoto hana mahali pa juu pa kuangukia. Hiyo ndiyo sababu ya kulipia kilima. Mtelezo wa chuma cha pua ni wa kudumu lakini uwe chini ya kivuli. Wa terazo, unaomwagwa na fundi wa sakafu hapohapo, ni wa bei nafuu zaidi na hauchomi kama chuma, ila lazima usuguliwe mpaka kingo zote ziwe mviringo.

Mchanga ni wa aina mbili

Kosa la kawaida kuliko yote ni kuchimba shimo moja la mchanga na kusimamisha magogo ya kupanda katikati yake, eti mchanga ufanye kazi mbili. Haufanyi. Mchanga wa kuchezea unatakiwa ushikamane ukilowa, ndipo mtoto ajenge nyumba na kufinyanga maandazi. Mchanga wa kuangukia unatakiwa usishikamane kabisa, punje zikimbiane mtoto anapotua. Aliyeangukia mchanga wa kuchezea uliolowa na kukanyagwa ameangukia sakafu.

Kwa mchanga wa kuangukia, viwango vya Ulaya vya vifaa vya viwanja vya watoto, EN 1176, vinataja punje za milimita 0.2 hadi 2, zilizooshwa, zisizo na udongo wa mfinyanzi. Kina chake ni sentimita 20 kwa maanguko ya hadi mita 2, na sentimita 30 kwa ya hadi mita 3. Juu ya hapo ongeza sentimita 10, kwa sababu watoto huusukuma pembeni. Vipimo hivyohivyo vinatumika kwa kokoto za mviringo za milimita 2 hadi 8 na kwa vipande vya mbao vya milimita 5 hadi 30. Kifaa kikiwa na urefu wa kuanguka usiozidi mita 1.5, eneo hilo lienee mita 1.5 pande zote.

Chukua gogo la kupanda lenye nafasi ya mita 3 kwa 2. Eneo la kuangukia ni mita 6 kwa 5, yaani mita za mraba 30, na kwa kina cha sentimita 30 unahitaji mita za ujazo 9. Tripu moja haitoshi. Ukiona kotesheni ina tripu moja ya mchanga kwa uwanja mzima, ujue wamekusudia kumwaga sentimita 10 juu ya udongo mgumu, kiasi cha kubadilisha rangi ya ardhi.

Kuna njia ya kukwepa gharama hii, nayo ni kushusha magogo. Viwango hivyo vinakubali nyasi na udongo wa kawaida kwa maanguko ya hadi mita 1. Kwa Pwani tusingefika huko, maana Januari na Februari ardhi ikikauka inakuwa kama sakafu. Tungeishia sentimita 60. Gogo la sentimita 60 lililolazwa, lenye mtoto anayejifunza kusimama juu yake bila kushikwa, linachezwa kuliko mnara wa mita 1.8 unaohitaji mwalimu wa kusimama chini muda wote.

Kupima mchanga hakuhitaji maabara. Chukua chupa angavu ya lita moja, tia mchanga nusu, jaza maji, tikisa kwa nguvu, iache saa moja. Mchanga unatulia chini na mfinyanzi unakaa juu yake kama tabaka laini. Tabaka likizidi nusu sentimita kwa kila sentimita 10 za mchanga, lori lirudi lilikotoka ikiwa huo ni mchanga wa kuangukia. Kwa shimo la kuchezea unaweza kuupokea. Mchanga wa ufukweni ukatae kwa kazi zote mbili: chumvi yake inakula bolti na kuua mimea ya jirani, na kuuchota ni kuila fukwe.

Watakaokushauri maranda ya mbao au makumbi ya nazi badala ya mchanga wapo. Maranda hupeperuka kiangazi, hugandamana masika na kuoza haraka. Yanafaa banda la kuku. Makumbi hayamo kwenye jedwali lolote la vipimo vya maanguko, kwa hiyo anayeyauza kwa kazi hiyo anakisia.

Shimo la kuchezea lichimbwe sentimita 60: chini kokoto sentimita 15, juu yake kitambaa cha kuchujia, kisha mchanga sentimita 40, na sentimita 5 zibaki kama ukingo ili usimwagike. Kama ardhi ni ya mfinyanzi, kokoto hizo zitageuka bwawa la siri. Toa bomba lenye matundu kutoka chini ya shimo hadi mahali palipo chini zaidi. Paka ni adui wa kweli wa shimo hili. Kinyesi chao na cha mbwa huacha mayai na mabuu ya minyoo inayoingia kwenye ngozi, hivyo shimo lifunikwe kila jioni. Tumia neti ya kivuli iliyovutwa kwenye fremu. Turubai la plastiki linafungia joto na unyevu, yaani linawalea hao wadudu. Mchanga uchambuliwe kwa reki kila asubuhi, ugeuzwe wote mara moja kwa mwezi ili jua liupige.

Magogo, na dawa zilizomo

Sehemu hii ya kifurushi ndiyo yenye picha nzuri zaidi na ndiyo yenye hatari ambayo haionekani. Uliza mbao imetibiwa kwa nini. Nguzo zenye rangi ya kijani hafifu, za aina ya nguzo za umeme na za fensi, mara nyingi zimetiwa dawa ya shaba, kromu na aseniki. Marekani watengenezaji waliacha kuiuza kwa vifaa vya watoto kuanzia mwisho wa 2003, kwa sababu aseniki, ambayo ni sumu, hutoka kwenye uso wa mbao na kuingia mikononi, na mikono ya mtoto huishia mdomoni. Nguzo kuukuu za umeme ni nafuu, ngumu, zimenyooka, na hazifai hata kidogo hapa. Nguzo nyeusi zilizolowekwa kriosoti, dawa ya mbao ya mafuta ya lami, vivyo hivyo. Na fundi anayepaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa asimamishwe siku hiyohiyo. Ina kemikali zinazosababisha saratani, inachafua nguo, na haizuii mchwa kwa muda mrefu.

Kinachofaa ni mbao inayojilinda yenyewe, au mbao ya kawaida iliyoinuliwa kutoka ardhini. Mtiki husifiwa kwa haki, lakini soma kipande unachoonyeshwa. Nguvu ya kukinza mchwa iko kwenye moyo wa mti, ule wa kahawia. Ganda jeupe la nje linaliwa kama mbao nyingine. Nguzo nyembamba zinazotokana na kupunguza miti shambani ni nyeupe karibu yote, na zinauzwa kwa jina la mtiki. Mvinje na mkaratusi hupatikana kirahisi na mbao zake ni ngumu, ila zikichimbiwa ardhini hazikai.

Kwa hiyo usichimbie. Kila nguzo isimame juu ya kiatu cha chuma kilichozamishwa kwenye zege, na kati ya mbao na ardhi paachwe sentimita 5. Nafasi hiyo inakausha kitako cha nguzo na inakuonyesha njia ya mchwa, ule mrija wa udongo, kabla hawajaingia. Zege lenyewe lizikwe chini ya mchanga wa kuangukia, lisichungulie. Karibu na bahari tumia bolti zilizochovywa kwenye zinki ya moto au za chuma cha pua. Za kawaida zinaliwa na kutu ndani ya msimu mmoja. Vichwa na nati vizamishwe ndani ya mbao, ncha zisitokeze.

Magogo ya kulala yasisumbuliwe kwa viatu wala dawa. Yatolewe magome yote, kwa sababu chini ya gome ndipo nge na tandu hukaa, yakatwe ncha na kusuguliwa, kisha yalazwe juu ya kitanda cha kokoto na kufungwa kwa vigingi yasibiringike. Yataoza. Yakioza yanabadilishwa, na mabaki yake yanalazwa chini ya miti.

Kwa mapengo, kata vipimo viwili vya plaiwudi: kipande cha sentimita 8.9 kwa 15.7, na duara la kipenyo cha sentimita 23. Pitisha kila mahali palipo juu ya sentimita 60 kutoka ardhini, kati ya magogo, kwenye ngazi, kwenye vizuizi. Kipande kidogo kikipenya na duara lisipenye, mwili wa mtoto utapita na kichwa kitakwama. Pengo hilo lizibwe au lipanuliwe kabla hujasaini kupokea kazi. Magogo ya asili hayajanyooka, hivyo mapengo ya namna hii hayakosekani; fundi asiyekuwa na vipimo hivyo mfukoni hajui kazi hii. Jukwaa linalofikiwa kirahisi na wadogo, likizidi sentimita 60, liwe na kizuizi cha angalau sentimita 70. Kamba za katani kutoka Tanga zinapendeza na zinashikika vizuri, lakini jua na mvua huzila kutoka ndani. Zitumie kwa vitu vya chini tu, zifungwe ncha zote mbili, na zikaguliwe kila mwezi kwa kuzifungua nyuzi kidogo.

Maji na jiko la matope

Hili ni jambo zuri kuliko yote kwenye kifurushi na ndilo linalofungwa mapema zaidi, kwa sababu ya bili. Bomba la kawaida likiachwa wazi hutoa kirahisi lita 10 kwa dakika, yaani tangi la lita 1,000 linakwisha ndani ya dakika 100. Dai bomba la kubonyeza linalojifunga lenyewe, lilishwe na tangi dogo lililotengwa kwa ajili ya uwanja, lijazwe mara moja asubuhi. Maji yakiisha, yameisha, na watoto wenyewe watajifunza kuyagawana.

Meza ya jiko iwe na urefu wa sentimita 45 hadi 50. Sufuria kuukuu, miiko, vifuu na kinu kidogo vinatosha. Ardhi ya chini yake ndiyo ya kutazama: iwe na mteremko wa sentimita 2 kwa kila mita kuelekea kwenye mgomba au kitalu, ili maji yasituame. Kidimbwi cha mapambo kikatae. Mtoto mdogo huzama kwenye maji ya kina kifupi sana, na maji yaliyotuama wiki moja na siku chache yanatoa mbu wazima.

Miti na kivuli

Kotesheni hupanga miche upande wa magharibi, kama tunavyofanya nyumbani kuzuia jua la jioni. Chekechea nyingi huchezesha watoto saa nne asubuhi na kuwaachia mchana. Saa nne jua liko mashariki, kwa hiyo mti wa kivuli cha shimo la mchanga uwe mashariki yake, umbali wa mita 3 hadi 4 kutoka ukingoni. Mkungu ni chaguo zuri Pwani: matawi yake hulala kwa ngazi, hukua haraka na huvumilia chumvi, ila majani yake makubwa yanadai ufagio. Mwembe na mkwaju ni vya kudumu, navyo havina haraka. Mwarobaini unafaa ukingoni. Shimo la kupandia liwe sentimita 60 pande zote, samadi iliyooza ichanganywe, na mche uwekewe uzio wa miaka miwili. Bila uzio, mche kwenye uwanja wa watoto hung'olewa.

Kwa hiyo kifurushi kisicho na banda la kivuli kwa miaka hiyo ya kusubiri hakijakamilika. Banda la makuti la mita 4 kwa 4 juu ya shimo la mchanga, nguzo zake zikiwa nje ya eneo la kuangukia, ni matumizi bora kuliko chochote kilicho kwenye orodha.

Minazi iliyopo isikatwe, lakini pasiwekwe kitu cha kuchezea chini yake isipokuwa nazi zinaangushwa kwa ratiba. Mkorosho nao usiachwe kwenye eneo la wadogo, kwa kuwa mafuta ya ganda la korosho mbichi yanaunguza ngozi. Uzio wa mnyaa ung'olewe kabla ya kitu kingine: utomvu wake ukiingia jichoni unaumiza vibaya, na mtoto huvunja kitawi aone maziwa yakitoka. Mbarika, mbono kaburi, oleanda, mnanaha na mturituri wenye mbegu nyekundu zenye doa jeusi vyote vina sumu, na mbegu za mturituri huvutia watoto kwa sababu zinafanana na shanga.

Vilivyobaki

Matairi: usinunue. Yanashika maji, na mbu anayeeneza dengi hutaga humo. Dar es Salaam iliuguzwa na dengi mwaka 2014 na tena 2019. Kama yameshawekwa, yatobolewe matundu chini au yajazwe udongo mpaka juu, na lenye waya unaochungulia litupwe.

Handaki la mimea linafaa kwa masharti. Picha za katalogi zinaonyesha fito za mti wa Ulaya unaochipua. Hapa tumia matao ya nondo yaliyopakwa rangi, juu yake mumunye au pesheni, na watoto wapande mbegu wenyewe. Fito za mianzi iliyopasuliwa zinakata mikono.

Na waulize wameacha wapi pa kuchezea rede na kombolela. Kifurushi kikijaza vitu kila kona, mbio zinahamia kwenye korido. Theluthi ya eneo ibaki wazi.

Kitu kimoja hakimo kabisa kwenye kotesheni, labda kwa sababu hakina faida ya kuuza: vitu vya kubebwa. Mwaka 1943, huko Emdrup, Copenhagen, msanifu wa mandhari C. Th. Sørensen alifungua uwanja wa watoto wa mabaki ya vifaa, baada ya kuona watoto wanavipenda vitu hivyo kuliko viwanja alivyowajengea. Mwaka 1971 Mwingereza Simon Nicholson aliandika kwamba ubunifu wa watoto hukua kadiri mahali palivyo na vitu wanavyoweza kuvisogeza na kuvigeuza. Pwani havinunuliwi: vifuu, magunzi, makumbi, vipande vya mbao vilivyosuguliwa, kome, ndoo zisizo na mfuniko, vitenge vikuukuu na kamba fupi za chini ya sentimita 30. Tenga kona moja yenye rafu, na mwalimu achambue vilivyovunjika kila Ijumaa.

Malipo na matunzo

Mkataba useme asilimia 10 ya fedha inabaki mikononi mwa shule mpaka masika ya kwanza yapite. Kasoro za kilima, mifereji na zege lililochungulia huonekana wakati huo tu. Useme pia nani anarudisha mchanga. Chini ya mtelezo na chini ya kamba hupungua haraka, hivyo kwenye kila nguzo piga alama ya rangi inayoonyesha usawa unaotakiwa, mlinzi aone kwa jicho. Ukaguzi wa macho ufanyike kila asubuhi, wa bolti, kamba na mchwa kila mwezi, na wa fundi wa nje mara moja kwa mwaka, mbao zikichomwa kwa bisibisi kwenye kitako kuona kama zimelainika.

Fedha zikiwa chache, kata matairi, kata handaki, kata mnara wa magogo, hata mtelezo. Usikate tripu za udongo, mchanga wa kuangukia, bomba la kubonyeza wala banda la makuti. Mtelezo unaweza kuja mwakani, kilima kikiwa kimeshatulia; upande wake mkali tu ndio uachwe tayari tangu mwanzo, maana kuukata baada ya nyasi kushika ni kulipa kazi mara mbili.